Huyo Mtu wa Mabati Analipwa na Nani?

Kibanda kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, Busia, upande wa Kenya. Kuta mabati, paa mabati, mlango gunia. Saa nane mchana joto la mle ndani lingeweza kukaanga yai. Watu wazima walikaa nyuma kwenye benchi za mbao, sisi watoto tukakaa chini mbele, na mbele yetu sote kulikuwa na runinga ya inchi 21 iliyofungiwa ndani ya sanduku la vyuma lenye kufuli kubwa kuliko ngumi yangu. Kiingilio kilikuwa shilingi 5 kwa mtoto na 10 kwa mtu mzima. Ukikosa hizo 5, ulimchotea maji mama wa chapati aliyekaa pale mlangoni, naye anakulipia.

Nilizaliwa 1997. Kwetu ni Bukhayo, upande wa Mayenje, mahali ambapo mtoto anaweza kwenda mjini kwa miguu na kurudi kabla mathe hajagundua. Kati ya 2004 na 2009 nilitazama ndani ya kibanda hicho filamu ambazo karibu zote zilitengenezwa kabla sijazaliwa. The Terminator, ya 1984. RoboCop, ya 1987. Terminator 2, ya 1991. Zilikuja zikiwa zimebanwa kumi na kitu kwenye diski moja, jalada lina picha ya Arnold Schwarzenegger, kichwa chake kimebandikwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Hatukujua kwamba ni za kitambo. Kwetu zilikuwa zimetoka juzi, kwa sababu zilifika juzi.

Mwenye kazi ya kutuelezea tulimwita Vijei. Jina lake la nyumbani silijui mpaka leo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya runinga, maikrofoni mkononi, na wahusika wakianza kuongea anashusha sauti ya filamu na kupandisha yake. Alikuwa amefanya kazi hiyo ng'ambo, Sofia, ule mtaa wa Busia ya Uganda ulioegemea mpaka. Kwa hiyo alikuja na Kiganda kingi, Kiswahili cha stendi, na Lukhayo na Kisamia cha kuchekesha wazee. Robo hakuwaita robo. Alisema "mtu wa mabati." Sisi tulioketi ndani ya nyumba ya mabati tulielewa mara moja.

Muvi ya kwanza ninayoikumbuka vizuri ni hiyo The Terminator, na hasa ile sehemu ambapo lori la mafuta linalipuka na mtu wa mabati anainuka kutoka motoni, nyama yote imeungua, amebaki mifupa ya chuma na macho mekundu. Sasa hebu fikiria wewe ni mtoto wa miaka minane, muvi imeisha saa kumi na mbili, na njia yako ya kurudi nyumbani inapita kando ya foleni ya malori ya mafuta yanayosubiri kuvuka kwenda Kampala, Kigali na Kongo. Foleni yenyewe ilikuwa na siku ambazo huoni mwisho wake. Nilikimbia kandokando ya magurudumu yale nikiwa na hakika kwamba kuna kitu kimelala ndani ya kila tangi. Madereva walituona watoto tunakimbia jioni baada ya jioni na sidhani walijua kwa nini.

Nimeanza na Vijei kwa sababu bila yeye hakuna hadithi ya robo Bukhayo, na kwa sababu kazi yake ina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Uganda, baada ya vita vilivyomwingiza Museveni madarakani 1986, kumbi ndogo za video zilienea kila mahali. Waganda waliziita ebibanda, neno lile lile letu la kibanda limevaa kofia ya Kiganda. Kanda zilikuwa za Kiingereza, Kichina, Kihindi, na watazamaji wengi walitaka Kiganda. Ndipo wakatokea watu wa kutafsiri papo kwa papo kwa maikrofoni. Wakaitwa VJ, na baadhi yao, kama VJ Jingo, wakawa maarufu kuliko waigizaji waliokuwa wakiwatafsiri. Huku kwetu Kenya jina kubwa likawa DJ Afro, ambaye Kiswahili na Sheng yake vilifika hadi ndani ya matatu. Busia tulikaa katikati ya mikondo hiyo miwili. Wiki moja steringi anaongea kama mtu wa Kampala, wiki inayofuata anaongea kama kondakta wa Nairobi.

Lakini mtu wa kusimama kando ya picha na kuieleza hakuanza 1986. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi uliokuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, uliotengeneza filamu fupi 35 za kuwafundisha Waafrika. Ulioongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Kulikuwa na filamu kuhusu minyoo ya safura, na nyingine kuhusu faida za kuweka pesa kwenye benki ya posta. Lori liliizungusha mitambo Tanganyika, Kenya, Uganda na hata zaidi, na maelezo yakatolewa kwa lugha za wenyeji. 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni, kikiongozwa na William Sellers. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu inayokwenda kasi. Kwa hiyo picha ziende polepole, hadithi iwe nyepesi, na kando ya skrini asimame mtu wa kueleza.

Nilipokuja kusoma habari hizo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikumbuka wale watoto wa kibanda, wengine hawajamaliza darasa la pili, wakimfuata muuaji aliyetumwa kutoka mwaka 2029 kurudi 1984 ili amuue mama wa mtu ambaye hajazaliwa, na mlinzi aliyetumwa kumzuia ambaye baadaye anageuka kuwa baba wa huyo huyo ambaye hajazaliwa. Hakuna aliyepotea. Mtoto akipotea, mwenzake anamgonga kiwiko: "Wewe, huyo ni babake! Tulia."

Vijei naye hakuwa mwelezaji wa Sellers. Yule wa zamani alipewa karatasi ya kusoma na mkubwa wake amesimama nyuma ya lori. Vijei hakuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni sisi, na tukichoka tunatoka nje na shilingi 5 hazirudi kesho. Kwa hiyo aliifanya kila muvi iwe ya kwetu. Gari la polisi la Los Angeles likipita kasi, alisema wanakimbiza magendo ya sukari. Mtu akikimbilia kichochoroni, Vijei alisema amechukua njia ya panya, ataibukia Sofia.

Hata watu wa mji tuliwaingiza kwenye muvi. Busia kuna wachuuzi wenye ulemavu wanaovusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, mzigo umepangwa mpaka huoni kichwa cha mwenyewe. Mmoja wao tulimwita Robocop. Leo najua ilikuwa utovu wa adabu, lakini mwenyewe hakukasirika. Alikuwa anatupigia saluti kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukizidi kuzungusha pedali.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Agosti, nikiwa darasa la nne. Kuka, babu yangu mzaa baba, alikuwa amenituma dukani saa tatu asubuhi. Saa tisa sijarudi. Mtu alimwambia nilipo. Akaja na fimbo yake, akafungua gunia la mlangoni, akasimama hapo akizoesha macho giza.

Ilikuwa RoboCop. Kwa ambaye hajaiona: polisi mmoja wa Detroit, jina lake Murphy, anapigwa risasi na majambazi anakufa. Kampuni inayoendesha polisi inachukua kilichobaki cha mwili wake, inakivalisha chuma, inamfuta kumbukumbu na kumrudisha kazini. Ndani ya kichwa chake imeandika sheria tatu: atumikie umma, awalinde wasio na hatia, na asimamie sheria. Kuna ya nne, lakini imefichwa. Hata yeye mwenyewe haijui.

Kuka alifika wakati mtu wa mabati amekwenda kumkamata mkubwa wa kampuni, ambaye ndiye bosi wa majambazi. Ameshamkaribia. Ghafla mwili unamkatalia, anaanguka magoti. Ile sheria ya nne ndiyo imeamka: hawezi kumkamata ofisa mkubwa wa kampuni iliyomtengeneza.

"Kwa nini hamshiki huyo mwizi?" Kuka akauliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

Watu wakageuka. Vijei, ambaye hakuzoea kuulizwa maswali, akajibu ndani ya maikrofoni: "Hawezi, Mzee. Ameandikiwa ndani asimguse mdosi."

"Na analipwa na nani?"

"Halipwi, Mzee. Huyu ni mtu wa mabati."

Kuka akaangalia picha kidogo. Halafu akasema, "Basi huyo ana kipande."

Kibanda kizima kikavunjika mbavu. Kwetu sisi, kama unavyojua, kipande ni kitambulisho, ile kadi unayopewa ukifika miaka 18. Robo ana kitambulisho! Amepigiwa kura! Vijei aliitumia wiki nzima. Kila robo aliyetokea alimwomba kipande kama askari wa mpakani. Kuka hakucheka. Lakini pia hakunitoa. Alikaa kwenye ukingo wa benchi ya nyuma, fimbo kati ya magoti, akatazama mpaka ile mashine kubwa ya miguu miwili iliyotumwa kummaliza Robocop inashindwa kushuka ngazi na kuanguka chali, ikipiga mateke hewani kama mende. Hapo Kuka alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika sikio tukaenda nyumbani.

Miaka kumi baadaye nilikuwa chuo kikuu, nasomea kompyuta. Nilichagua kompyuta kwa sababu ya mtu wa mabati, sitadanganya. Mwaka wa kwanza, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye intaneti, nikakutana na asili ya neno robo.

Neno lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, uliochapishwa 1920 na kuonyeshwa Prague 1921. Unaitwa R.U.R. Ndani yake kuna kiwanda kinachotengeneza watu wa bandia wa kufanya kazi zote za binadamu. Si wa chuma, wanafanana kabisa na watu. Karel hakujua awaite nini. Ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyependekeza: waite roboti. Neno hilo alilitoa kwenye robota la Kicheki, ambalo ni ile kazi ya lazima ambayo mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana alitakiwa kuifanya kwenye shamba la bwana huyo, siku kadhaa kila wiki, bila malipo. Katika milki ya Austria, ambayo Wacheki walikuwa chini yake, robota ilifutwa 1848. Mwaka 1920 bado kulikuwa na watu ambao wazazi wao waliifanya.

Kiswahili kina neno lake la jambo hilo: shokoa. Liko kwenye kamusi, ingawa siku hizi hulisikii barabarani. Mchezo wa Čapek ungeandikiwa Lamu au Pemba, labda dunia nzima leo ingekuwa inasema shokoa.

Niliposoma hayo, nilimsikia Kuka mlangoni. Kuka alikuwa ameshafariki, 2012. Nilimpigia baba simu nikamuuliza: Kuka alimaanisha nini kusema yule ana kipande?

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hukumbuka kopo la ugoro?"

Nilikumbuka. Kuka aliweka ugoro wake kwenye kikopo bapa cha chuma, kidogo kama kiberiti kirefu, kimechakaa na kuwa cheusi, kina kishikizo cha kupitisha kamba. Nilidhani kilinunuliwa hivyo.

Kilikuwa cha baba yake. Kabla ya kuwa cha ugoro, kilikuwa cha kipande.

Baba wa Kuka alizaliwa Uganda na akafia Kenya, na hakuhama hata hatua moja. Bukhayo ilikuwa ndani ya mkoa wa mashariki wa Uganda mpaka Aprili 1902, Waingereza walipouhamishia mkoa huo kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka ukawakuta watu shambani wakilima wimbi. Ng'ambo ya mstari huo, Uganda, serikali ilikuwa na kasanvu, kazi ya lazima ya ujira mdogo iliyoanza 1909 na kufutwa 1922. Upande huu kulikuwa na kodi ya nyumba, inayolipwa kwa pesa, na pesa utaitoa wapi kama si kwa kwenda kufanya kazi ya mzungu? Kisha vikaja vita vya 1914. Waingereza waliwachukua wanaume kwa malaki kuwabebea mizigo ya jeshi kwenda Tanganyika kupigana na Wajerumani. Jina la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ndilo tunalolitamka leo Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Baba wa Kuka alikwenda. Alirudi, wengi sana hawakurudi, waliuawa zaidi na magonjwa na njaa kuliko risasi.

Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu "kuwahimiza" wanaume wa Kiafrika watoke wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Unajua chifu akihimizwa na mzungu anavyohimiza. Na karibu na wakati huo huo, sheria ya kuandikisha wenyeji iliyopitishwa 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye namba yake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, aina ya kazi na mshahara. Mwajiri asipoweka sahihi kwamba amekuachilia, huajiriki kwingine. Karatasi ilikunjwa ikatiwa kwenye kikopo cha chuma, kikopo kikavaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Kwa hiyo 1920, mwaka ambao Prague walichapisha neno roboti, Kenya ilifanywa koloni rasmi na wanaume wake walikuwa wanavalishwa chuma chenye namba. Sisemi kwamba Josef Čapek alikuwa na habari zetu. Alikuwa na habari za kwao, na zilimtosha.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku aliposhika mambo ya kipande na kodi Nairobi alikamatwa Machi 1922, na waliokusanyika kudai aachiliwe walimiminiwa risasi. Huku kwetu magharibi, Desemba 1921, watu walikutana Lundha, Gem, kwenye mkutano ulioanzisha vuguvugu la Piny Owacho, na kipande kilikuwa kwenye orodha ya malalamiko. Kipande cha shingoni kiliendelea hata hivyo mpaka miaka ya 40. Tulipopata uhuru tukapewa kadi, na kadi tukaiita jina lile lile.

Sasa nilielewa. Kuka alimwona mtu aliyevalishwa chuma, amefutwa jina, amepewa namba, anafanya kazi usiku na mchana halipwi, na akitaka kumgusa mkubwa mwili wenyewe unamkatalia kwa maandishi ambayo hakuyasoma. Hakuhitaji maelezo zaidi. Sisi ndio tuliohitaji.

Nilirudi kutazama muvi zote upya, safari hii kwenye simu na kwa Kiingereza. Nyingi zilikuwa ndogo kuliko nilivyozikumbuka. Bila Vijei, Terminator anaongea maneno machache mno. Nikatazama pia za zamani zaidi ambazo diski zetu hazikuwa nazo. Metropolis ya Fritz Lang, ya 1927, filamu isiyo na sauti, inaanza na wafanyakazi wakibadilishana zamu, vichwa chini, hatua moja, wanashushwa chini ya ardhi kuendesha mitambo. Ndani yake kuna robo wa chuma anayepewa sura ya mwanamke ambaye wafanyakazi wanamwamini, ili awapoteze. Sehemu ndefu za filamu hiyo zilipotea kwa miaka 80, zikapatikana 2008 Buenos Aires. Nikatazama na Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, filamu fupi ya Mkenya kuhusu dunia iliyoishiwa maji. Humo watu wenyewe wanazungusha mashine za mazoezi ili jengo lipate umeme. Nilifikiria yule wetu wa baiskeli ya magurudumu matatu.

Na RoboCop. Mwishoni, mkubwa yule anafukuzwa kazi mbele ya wote, na kwa kuwa si ofisa wa kampuni tena, sheria ya nne haimlindi. Robocop anampiga risasi. Mwenyekiti wa kampuni anamsifu, anamuuliza jina. Naye anasema Murphy. Muvi inaishia hapo. Kwenye kibanda Vijei aliongeza: "Naitwa Murphy, kwetu ni Mayenje," na tulipiga makofi mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati. Nilidhani alikuwa anatuchekesha tu.

Chuo nilikiacha mwaka wa tatu. Karo. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa anasaidia, na mjomba alikuwa kuli pale pale maegesho ya malori, akipakua gunia za mahindi za kilo 90. Alitegua mgongo. Aliyekuwa anampa kazi alimwambia apumzike nyumbani, na mapumziko hayo hayakuwa na malipo. Sikuweza kukaa darasani nikijua hilo, na hata ningeweza, ofisi ya fedha isingeniruhusu.

Nikaanza kuandika, makala hapa na pale. Makala hayalipi kodi ya nyumba, kwa hiyo nikatafuta kazi za mtandaoni. Nikapata ya kuchora visanduku. Unaletewa picha ya barabara ya nchi ambayo hujawahi kufika, unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila mtu anayevuka, kila taa. Senti kadhaa za dola kwa picha. Mashine itajifunza kutoka kwa visanduku vyako, na siku moja gari litajiendesha lenyewe huko. Wengine walikuwa na kazi mbaya zaidi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na ubakaji ili programu ya kuzungumza na watu ijue cha kukwepa.

Kwenye kazi yangu sikuwa na jina. Nilikuwa na namba, na asilimia iliyoonyesha jinsi nilivyo sahihi. Sheria nyingine tulielezwa, nyingine hatukuelezwa. Asubuhi moja niliingiza nywila nikaambiwa akaunti imefungwa kwa kukiuka masharti. Masharti yapi, haikusema. Nilikuwa na malipo ya wiki tatu mle ndani. Niliandika barua pepe nne. Ya kwanza ilijibiwa na mashine. Nyingine hazikujibiwa.

Usiku huo nilijikuta nauliza kwa sauti, peke yangu chumbani, swali la Kuka. Na nilijua kwamba nimekuwa nikiliuliza vibaya. Nilipokuwa mdogo nilidhani robo ni yule atakayekuja kutunyang'anya kazi. Ukifungua robo ya sasa ukachungulia ndani, huoni nyaya peke yake. Unaona vijana wa Nairobi, Kampala na Busia wakichora visanduku saa nane za usiku kwa sababu bando la usiku ni rahisi.

Kibanda hakipo tena. Watu wanatazama kwenye simu, na 2018 mpaka ulifunguliwa rasmi kwa mfumo mpya, ambapo lori linasimama mara moja tu badala ya mara mbili. Mahali palipokuwa na benchi zetu kuna mtu anauza matairi. Vijei nilisikia yuko Jinja, wengine wanasema Mukono.

Krismasi iliyopita nilimwomba baba kile kikopo. Alikitoa kwenye sanduku la chini ya kitanda, akakifuta kwa shati. Namba iliyopigwa kwenye chuma ilisomeka nusu. Tarakimu mbili za mwisho zimelika. Nilikifungua nikitegemea, sijui, labda kipande cha karatasi. Kulikuwa na ugoro tu, umekauka, bado unanukia Kuka.

Baba aliniuliza nataka kukifanyia nini. Nikamwambia nakiandika. Akauliza kama wananilipa. Nikamwambia kidogo. Akasema basi niandike na jina la mwenyewe.

Nilimuuliza jina kamili la baba wa Kuka. Alilisema taratibu, na jina la baba yake, na la baba wa huyo, mpaka akafika alipofika. Nimeyaandika yote kwenye daftari, na karatasi moja nimeikunja nikaitia ndani ya kikopo.